Kuponi kama za Marekani huku Unguja tunazipata wapi?

Swali: Assalaam alaykum bi mkubwa. Mie ni mama wa watoto wanne nakaa Fuoni. Naangalia sana zile video za wamarekani wanaingia supamaketi na mafurushi ya kuponi wanatoka na toroli limejaa wamelipa dola mbili tatu tu. Juzi mtu kanitumia linki wasap eti kuponi ya supamaketi, nijaze namba halafu niisambaze kwa watu kumi. Mume wangu ananiachia elfu kumi na tano kila asubuhi ya matumizi na haitoshi, na Ramadhani haiko mbali. Sisi kuponi tunazipata wapi, na kama hakuna tufanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na hiyo linki maana ndo ina haraka. Usiifungue na usimpelekee mtu. Duka linalotaka kukupa punguzo halina haja ya weye kujaza namba na kuwasumbua watu kumi, anaetaka hivyo anatafuta namba zenu, na ukurasa wa mbele yake unaweza kukuomba namba ya siri ya pesa za simu. Kama ushajaza, badilisha namba ya siri leo leo na uwapigie watu wa mtandao wako, na huyo aliekutumia mwambie nae taratibu, wengi wanatuma kwa nia njema hawajui.

Sasa kuponi. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la vyakula miaka 14 kabla sijaanza kukaa na vikundi vya akina mama, kwahiyo jambo hili nalijua kwa upande wa muuzaji na ndo upande ambao hizo video hazikuonyeshi. Kuponi nyingi za kule si zawadi ya duka. Kampuni inayotengeneza sabuni au dawa ya meno ndo inayochapisha kile kikaratasi, mteja anakipeleka kaunta anakatiwa bei, halafu duka linavikusanya vikaratasi vyote linavirudisha kwa kampuni linalipwa thamani ile ile ya kuponi na juu yake linapewa senti kidogo, kwa kawaida 8, za usumbufu. Yani duka halikupoteza kitu. Na mchezo huu wa zamani sana, Coca-Cola walikuwa wanagawa karatasi za glasi moja ya bure huko Atlanta tangu miaka ya 1880, walitaka watu waonje wazoee. Wale unaowaona kwenye video wanachofanya ni kungoja, ana kuponi ya kampuni, ana kuponi ya duka lenyewe, halafu anasubiri mpaka duka lishushe bei ya kitu kile kile ndo anatoa zote mbili kwa pamoja. Ukitizama vizuri utaona wametoka na dawa za meno thelathini na sosi ishirini, mchele na samaki na mboga humo hamna, maana kuponi nyingi ni za vitu vya viwandani vyenye majina makubwa.

Huku kwetu huo mfumo haupo. Hakuna kampuni itakayomrudishia pesa muuzaji wa Mwanakwerekwe kwa sababu kakukatia mia tano. Kwahiyo punguzo lolote unalopewa Unguja au Pemba limetoka mfukoni mwa mtu, na swali la kujiuliza kila unapoona ofa ni hili, limetoka mfukoni mwa nani na kwa nini katoa. Mie nilipokuwa dukani nilikuwa nashusha bei kwa sababu chache tu. Tarehe ya bidhaa inakaribia kuisha. Mzigo umelowa au katoni limechanika lakini cha ndani kizima. Nataka pesa taslimu kwa haraka maana boti la mzigo mwengine limefika na mwenye mali anataka chake. Au nataka uingie dukani kwa ajili ya sukari niliyoishusha shilingi mia ili ununue na vyengine vitano ambavyo sikuvishusha, na hivyo vitano ndo vinanirudishia. Ukishajua sababu unajua la kufanya. Katoni lililochanika chukua na omba tena punguzo. Mwenye kutaka pesa haraka nenda nae pesa mkononi na nunua kingi. Wa sukari, nunua sukari yake aga uende.

Tarehe nizungumze kidogo zaidi maana hapa niliumia mwenyewe. Nilinunua katoni tatu za maziwa ya unga kwenye duka moja la jumla mjini, bei ilikuwa chini mno nikaona nimepata, sikugeuza hata kopo moja kutizama chini. Nafika natizama zimebaki wiki tano. Niliuza kwa hasara nilizoweza na yaliyobaki tarehe ilipopita niliyamwaga, siwezi kumuuzia mtu mwenye mtoto mdogo kitu kama kile. Tangu hapo nnasema ofa yoyote ya nunua mbili upate moja, geuza kwanza usome. Na usome maneno pia si namba peke yake, kilichoandikwa bora kabla ya tarehe fulani, kama biskuti au tambi, siku ikipita ladha inapungua lakini hakijawa sumu, kilichoandikwa tumia kabla ya tarehe fulani, kama maziwa na nyama za kukaa kwenye friji, hapo hakuna mjadala. Na hesabu kama familia yako itakimaliza kabla. Weye na watoto wanne pakiti tatu za tambi mnamaliza, lakini makopo kumi na mbili ya mayonezi yaliyobakisha mwezi mutayatia wapi.

Haya, sasa kitu ambacho ndo kuponi yako kweli kweli. Daftari. Chukua daftari la skuli la watoto lililobaki kurasa, andika vitu kumi na tano tu unavyonunua kila wiki, mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, vitunguu maji, mbatata, tungule, thomu, nazi, dagaa, sabuni ya unga, ya kipande, majani ya chai, maziwa, mkaa au gesi. Kila ukinunua andika tarehe, duka, kiasi na bei, halafu pembeni igeuze iwe bei ya kilo au ya lita. Hapo kwenye kugeuza ndo penye pesa. Mfano tu, bei za kwako utaziandika mwenyewe, mafuta ya kupimwa robo lita ni 1,500, maana yake lita umeinunua 6,000. Dumu la lita 20 ni laki moja, lita 5,000. Sabuni ya unga kipakiti cha gramu 50 shilingi 300 kinaonekana rahisi lakini kilo yake ni 6,000 wakati pakiti ya kilo nzima pengine 4,800. Na si kila siku kikubwa ndo rahisi, nimeona mara nyingi chupa mbili za nusu lita zikiwa ofa zinakuwa chini kuliko ya lita, ndo maana nasema ugeuze usikisie. Simu yako ina kikokotoo, simama pale pale dukani ufanye, hakuna aibu.

Baada ya miezi miwili daftari litakwambia bei ya chini ya kila kitu ni ngapi, na hapo ndo utaijua ofa ya kweli na ile ya kubandikwa. Maana wapo wanaopandisha wiki mbili kabla halafu wanaandika punguzo kubwa, bei inarudi pale pale ilipokuwa. Bila daftari huwezi kumjua. Na ukiwa na daftari hata kupatana kunabadilika, humwambii muuzaji wa Darajani punguza punguza, unamwambia wiki iliyopita hichi nilinunua kwa bei hii duka la pili yake, unauza vipi. Anakuona mteja anaejua bei, na mteja anaejua bei hatajiwi bei ya mgeni. Fuata pia stetasi za wasap za maduka mawili matatu ya jumla, siku hizi ofa zao wanaziweka humo kabla hata ya kubandika mlangoni, lakini fuata namba uliyochukua mwenyewe dukani, si ya kutumiwa.

Sasa nije kwenye elfu kumi na tano ya kila siku, maana hapa ndo naona umebanwa khasa na video za wamarekani hazitakusaidia. Posho ya siku inamfanya mtu anunue kwa robo na kipakiti na kifungu, na robo na kipakiti ndo ghali kuliko vyote. Yani mwenye kidogo analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye kingi, nimeliona miaka 14 na lilikuwa linaniuma, yule mama wa robo ya mafuta kila jioni kwa mwaka alikuwa ananipa faida kubwa kuliko anaekuja na gari. Mumeo hana kosa kama analipwa kwa siku, bodaboda au fundi hawezi kukupa ya mwezi. Kwahiyo wingi uutafute kwa njia nyengine, na njia tunayo, mchezo, yani kuchangiana pesa kwa zamu. Lakini badala ya mchezo wa pesa fanyeni wa kitu. Tafuta wanawake wanne unaowaamini mtaani, na weye watano. Kila mmoja atoe elfu moja kwa siku kwa mshika pesa mmoja. Siku ishirini ni laki moja, ndo dumu la mafuta la mfano wetu, mnagawana lita nne nne. Zile lita nne ungezinunua kwa robo ungetoa 24,000, umetoa 20,000. Elfu nne unaweza kuiona ndogo lakini hiyo ni mafuta peke yake, mkishazoea mnaongeza polo la mchele la kilo 50, kilo kumi kumi kila mtu, na katoni la mapaja ya kuku mkigawana siku ile ile ili kusiwe na wasiwasi wa umeme kukatika na friza la mtu mmoja.

Nikwambie ukweli, mzunguko wa kwanza ni mgumu, kwasababu siku hizo ishirini unalipa mara mbili, unatoa elfu ya mchezo na bado unanunua robo yako jioni. Vikundi vingi hufia hapo. Mie nawaambia kwa siku hizo ishirini chagueni kitu kimoja cha kuacha, kama mikate na maandazi ya kununua asubuhi, chemsheni muhogo au pikeni wenyewe, mzunguko wa pili mafuta yapo ndani na ile 1,500 ya jioni siku nyingi haipo tena, inabaki elfu ya mchezo tu na mnarudi kwenye maandazi yenu. Ugawaji ufanyike mbele ya wote, kwa mizani ya kusomeka, na kabla ya kueka kitu mshale uwe kwenye sifuri. Hata huko sokoni hilo la sifuri litizame kila siku, na kikapu chako kisiwe juu ya mizani wakati unapimiwa. Kikapu chenyewe uwe nacho maana mifuko ya plastiki Zanzibar imepigwa marufuku tangu 2006 na kununua mfuko wa kitambaa kila ukienda sokoni hizo nazo ni pesa zinazovuja.

Mchele ukishakuwa ndani ujue hali yetu ya hewa, joto na unyevu, fukusi wanaingia mbio. Usiuache kwenye polo sakafuni. Tia kwenye ndoo au pipa kavu lenye mfuniko wa kubana, mama zetu walikuwa wanatia pilipili kavu au majani ya muarobaini yaliyokauka, na usichanganye mpya juu ya wa zamani kabla ya kuumaliza. Na mafuta, toa ya wiki tia kwenye chupa ndogo dumu lifunge liende chumbani, maana dumu likikaa jikoni mkono unamimina bila kipimo na ile faida yote inaishia kwenye karai.

Kukopa dukani kwa daftari la muuzaji jitahidi uachane nako kidogo kidogo. Simlaumu muuzaji, nimekopesha sana. Lakini mwenye deni hapatani bei, hachagui duka, na akiona ofa pengine hawezi kwenda. Lipa deni hilo kabla hujaanza mchezo wowote.

Vitu vibichi havina ofa ya kubandikwa, vina msimu, na huko ndo naona watu wanaacha pesa nyingi bila kujua. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti na mavuno yanashuka. Na sisi kalenda yetu ya kiislamu ni ya mwezi, kwahiyo huna haja hata ya kuuliza, tarehe 25 mpaka kama 5 za mwezi wa kiislamu ni giza, dagaa wengi bei inalegea, tarehe 13 mpaka 17 ni mwangaza bei inapanda. Nunua wa kukausha kwenye giza, wakaushe vizuri uwatie mtungini ule kwenye mwangaza. Samaki wakubwa tizama upepo, kusi likivuma sana mwezi wa sita mpaka wa nane vyombo vingi haviendi mbali na bei ya changu na jodari haishikiki, hapo kunde, mbaazi na mayai yafanye kazi. Ukienda diko la Malindi, au kwa ndugu zetu wa Pemba kule Tumbe, kanunueni wawili watatu kwa pamoja kwenye mnada mgawane, bei ya samaki wa mnada na ya fungu lililopita mikono mitatu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Vitunguu na mbatata karibu zote zinatoka bara, mzigo ukichelewa kuvuka bei inaruka siku mbili tatu halafu inarudi. Ukiwa na kilo tatu za akiba ndani unangoja inarudi. Tungule zikiwa rahisi nunua ndoo na wenzako, zisage, zichemshe mpaka zikauke maji, zigandishe kwenye friza kwa vifuko vya kupikia mara moja moja. Embe mbichi na ndimu za msimu ndo achari ya mwaka. Mkaa nunua polo kabla ya masika, mvua zikishika unakuja umelowa na bei juu.

Na Ramadhani. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mwaka 2016 ilikuwa Juni kwenye kipupwe, miaka hii imeshafika Februari, kwahiyo usitumie bei za Ramadhani ya zamani kukisia ya sasa, mazao yaliyopo ni mengine. Kinachojirudia ni kwamba kila mtu ananunua wiki moja. Wiki ya mwisho ya Shaaban na siku tatu za kwanza za mfungo ndo ghali kupita zote, kwasababu tunataka futari kamili siku ya kwanza, ndizi mkono wa tembo, majimbi, viazi vitamu, samaki wa kukaanga, vyote kwa pamoja. Kwahiyo vitu vikavu, sukari, unga wa ngano, tambi, kunde, choroko, uwanga, mafuta, vianze kuingia ndani kuanzia Rajab kimoja kimoja, tende nazo utizame tarehe yake usinunue za mfungo uliopita. Vibichi kwa siku zile tatu za kwanza futuruni kwa uji, muhogo na maharage, siku ya nne au ya tano majimbi yanaanza kuteremka nunueni. Najua watoto watauliza kwa nini nyumba ya jirani kuna ndizi. Waambie zinakuja Ijumaa, na Ijumaa uzilete kweli. Nguo zao za sikukuu usingoje kumi la mwisho uende Mchangani na umati, zinunue sasahivi kwa kukadiria saizi moja juu, wauzaji wakati huu wana nafasi ya kupatana na weye una nafasi ya kuchagua.

Wiki hii usifanye yote, mwanangu, utachoka. Chukua daftari, andika bei za siku saba bila kubadilisha kitu, na uongee na jirani mmoja tu kuhusu mafuta. Mumeo muonyeshe hiyo karatasi ya robo na dumu, hesabu ile ya 24,000 na 20,000, akiwa keshakula na ametulia. Waume wengi nnaowajua wakiona namba wenyewe wanasema basi leo sitoi kumi na tano natoa kumi na saba, mbili eka kwa dumu. Asiposema hivyo anza na elfu yako, kisha nijulishe dumu la kwanza limegawiwa siku gani.